Kwa nini watu hawadumu kwenye ejensi za masoko? Mwaka mmoja nimewaaga tisa

#1 Mwaka_Mmoja
Habari wakuu. Nimetimiza mwaka mmoja na miezi miwili kwenye ejensi ya masoko, upande wa kusimamia wateja. Siku naanza tulikuwa ishirini na wawili. Kati ya hao tisa wameshaondoka, na sita kati ya tisa hawakwenda ejensi nyingine, wameiacha kabisa fani. Hakuna aliyefukuzwa. Mshahara unaingia kwa wakati. Bosi si mtu wa kufokea watu.

Mwanzoni nilidhani ni wingi wa kazi. Sasa naona kinachowachosha ni kazi ileile kurudiwa. Wiki iliyopita nilifungua folda ya tangazo moja la mteja, picha moja na sentensi mbili tu. Nikahesabu matoleo 31. Nikaweka la 4 na la 31 bega kwa bega kwenye skrini, nikamwita mbunifu aliyelichora. Akatazama kama dakika nzima, akasema, "La nne lilikuwa na nafasi ya kupumua." Akarudi kwenye kiti chake. Jumatatu akaleta barua ya kuacha kazi.

Mliokaa humo miaka, nyie mnaona watu wanaondoka kwa nini? Na waliodumu wamedumu vipi?

#2 Kopi_Fupi
Pole na hongera kwa pamoja. Ila kabla hatujaenda mbali: hayo matoleo 31 yalipita mkononi mwa nani? Kama wewe ndiye unayepokea maoni ya mteja na kuyashusha kwa mbunifu, basi sehemu ya jibu unayo wewe. Sikulaumu, mdogo wangu. Nimeandika matangazo miaka kumi na moja, na wasimamizi wa wateja ninaowaheshimu mpaka leo ni wawili tu. Wote wawili walikuwa na tabia moja: maoni yakija kumi, wanakuletea matatu. Yale saba wameshayamaliza hukohuko kwa mteja kwa maneno mazuri, wewe hujui hata kama yalikuwepo. Anayeshusha yote kumi kama yalivyo ni tarishi, na tarishi hawezi kuilinda kazi.

#3 Penseli_Mbili
Kopi_Fupi umeniwahi. Mimi mbunifu, mwaka wa sita. Matoleo mengi nayavumilia. Kinachonimaliza ni maoni yasiyo na mwenyewe. "Mteja anasema nyekundu haijakaa sawa." Mteja nani? Ameiona wapi?

Kuna kazi nilikaa siku mbili nabadilisha nyekundu. Nikaikoleza, nikaipoza, nikaivuta kwenye chungwa, nikairudisha. Kila nikituma, jibu lileile. Siku ya tatu nikaomba niunganishwe kwenye simu na mteja mwenyewe. Kumbe yule mama alikuwa analichapisha tangazo kwenye printa ya ofisini kwao, na wino wa njano ulikuwa unaishia. Nyekundu kwenye karatasi inatengenezwa na njano na majenta. Njano ikipungua, unabaki na waridi iliyokolea. Tangazo lenyewe halikuwa la kuchapishwa hata kidogo, lilikuwa la kwenye simu. Nikamwomba alifungue kwenye simu yake. Akasema, "Ah, mbona iko sawa." Siku mbili za maisha yangu zimeishia hapo.

Angeniunganisha mtu siku ya kwanza, ni dakika tano.

#4 Mwaka_Mmoja
Kopi_Fupi, umenigusa na sikatai. Kwenye yale 31, yapo kama kumi na mawili niliyoyashusha bila kuuliza swali hata moja. Niliogopa. Mteja huyo peke yake analeta karibu theluthi ya mapato yetu, na siku ya kwanza kabisa niliambiwa asiudhiwe kwa namna yoyote.

#5 Hesabu_Kwanza
Hapo kwenye theluthi ndipo penye jibu, mengine yote ni matawi. Mimi ni mhasibu, nimefanya hesabu za ejensi mbili.

Ejensi haiuzi matangazo, inauza saa za watu. Mteja analipa ritena, yaani ada ya kila mwezi kwa saa mlizokubaliana, tuseme saa 40. Mwezi unaisha, taimshiti, zile fomu za kujaza saa ulizofanya kazi, zinaonyesha 97. Zile 57 zimekwenda wapi? Kwenye ankara hazipo. Mteja hazijui. Zimelipwa na usingizi wa mbunifu na Jumamosi ya mwandishi. Na mteja akiwa theluthi ya mapato, hakuna bosi mwenye ubavu wa kumpelekea ankara ya ziada. Kwa hiyo matoleo 31 si tabia mbaya ya mtu yeyote. Toleo la 5 mpaka la 31 kwa mteja ni bure, na kitu cha bure hakina mwisho.

Baya zaidi, sehemu nyingi mtu anaambiwa aandike saa nane kwenye taimshiti hata kama amefanya kumi na tatu, ili ripoti ya faida ionekane nzuri. Ukishafanya hivyo, hata mwenye kampuni haujui ugonjwa wa kampuni yake.

#6 Nimetoka_Salama
Hesabu_Kwanza umenena. Ndiyo maana zamani watu walidumu. Enzi za kamisheni hakukuwa na kuhesabu saa. Ogilvy, yule mwanamatangazo maarufu, aliweka ile asilimia 15, ejensi inachukua sehemu yake kwenye pesa ya vyombo vya habari, mbunifu anachora kwa raha. Mfumo wa saa ndio ulioua kila kitu. Mimi nilitoka baada ya miaka minne, sasa ni mwalimu, nalala.

#7 Mzee_wa_Brifu
Nimetoka_Salama, hongera kwa kulala, lakini hapo kwenye Ogilvy umechanganya mambo.

Kamisheni ni ya zamani kuliko yeye kwa karibu miaka mia. Mwanzoni mwa miaka ya 1840 Volney Palmer alikuwa Philadelphia anauza nafasi za matangazo kwenye magazeti, na aliyekuwa anamlipa ni gazeti, si mwenye bidhaa. Hata kulitunga tangazo haikuwa kazi yake. Ikaja N. W. Ayer & Son mwaka 1869, mji uleule, nayo katika miaka ya 1870 ikaanza kumwonyesha mteja bei halisi ya nafasi na kamisheni iliyowekwa juu yake. Ile 15 ikazoeleka polepole, na chama cha ejensi za Marekani kilichoundwa 1917 kikaikumbatia. Mwaka 1956 serikali ya Marekani ikawabana, chama kikakubali kuacha kuilazimisha kwa pamoja.

Ogilvy alifungua ejensi yake New York mwaka 1948. Tena yeye ni mmoja wa walioanza kuiacha kamisheni: alipompata Shell mwaka 1960 walikubaliana malipo ya ada. Wenzake wengi walikasirika.

Na usidhani enzi ya kamisheni watu walichora kwa raha. Ukilipwa asilimia ya pesa ya matangazo, ushauri wako kwa mteja daima utakuwa "ongeza bajeti". Na mteja mdogo hakuwa na mtu wa kumsikiliza.

#8 Kopi_Fupi
Mzee, shikamoo. Ukianzia 1840 huyu dada atafika lini kwenye jibu lake? Mshushie breki kidogo.

#9 Mzee_wa_Brifu
Marahaba. Mwenye jina la Kopi_Fupi na posti zake ndefu ananifundisha ufupi, nimekubali.

#10 Simu_Tatu
Naomba niongee kwa niaba ya sisi wa mitandao ya kijamii, maana kila mara tunasahaulika. Nyie mna tangazo moja lenye matoleo 31. Mimi nina kurasa kumi na moja za wateja kwenye simu moja, kila ukurasa na sauti yake. Huyu anaongea kama mjomba mcheshi, huyu kama daktari, yule marufuku kutumia alama ya mshangao.

Mwaka jana saa mbili na dakika kumi usiku nilirusha salamu ya rambirambi ya mteja mmoja, ameondokewa na mwanzilishi wa kampuni yao. Nikaweka simu chini. Baada ya dakika nne nikaiokota, nikaona vicheko kwenye maoni. Nilikuwa nimeirusha kwenye ukurasa wa mteja wa vifaa vya sherehe. Chini ya picha ya maputo. Nikafuta vidole vikitetemeka, lakini kulikuwa na mtu ameshapiga picha skrini. Wateja wote wawili nikawapigia mwenyewe usiku uleule, kabla ya bosi. Yule wa rambirambi alinyamaza muda mrefu, halafu akasema, "Unasimamia kurasa ngapi?" Nikamwambia. Akasema, "Kesho nitaongea na bosi wako." Nikajua nimekwisha. Kumbe alienda kudai nipunguziwe, na akadai kwa maandishi. Nikabaki na sita.

Kwa hiyo mimi nimedumu kwa sababu ya mteja. Ejensi haikuwa imeniona.

#11 Upande_wa_Pili
Asante Simu_Tatu kwa kusema hivyo, maana nilikuwa nasoma huu uzi nimekunja uso. Mimi nilikaa ejensi miaka mitano, sasa niko upande wa mteja, idara ya masoko. Wateja si maadui.

Mnachokiona nyie ni barua pepe moja yenye maoni kumi. Hamwoni huku nyuma. Tangazo likifika linapita kwangu, kwa mkuu wangu, kwa mauzo, kwa mwanasheria, halafu kwa mkurugenzi ambaye hakusoma brifu, ile karatasi ya maelekezo ya kazi, na hakumbuki kama aliidhinisha kampeni. Kila mmoja akipewa kitu cha kutazama anajisikia ana wajibu wa kubadilisha chochote, aonekane ametazama. Mimi ndiye ninayekusanya, na nusu ya hayo nayapinga mpaka nachoka.

Na brifu zetu nyingi ni mbovu, hilo nakiri. Lakini niambieni ukweli: mara ngapi mmeipokea brifu mbovu mkaipigia kazi vilevile, badala ya kuirudisha? Nikiwa ejensi niliona fahari kupokea brifu saa kumi na moja jioni na kupeleka mawazo asubuhi. Tulikuwa tunamfundisha mteja kwamba brifu haina maana.

#12 Penseli_Mbili
Upande_wa_Pili, mwanasheria nimemsamehe. Lakini mauzo wanahusika vipi na ukubwa wa herufi?

#13 Upande_wa_Pili
Hawahusiki. Na siku moja nilithubutu kuwaambia hivyo kwenye kikao. Mwaka huo sikupandishwa cheo. Sisemi ndiyo sababu, nasema tu vilifuatana.

#14 Mzee_wa_Brifu
Nirudi kidogo, na safari hii nitafika haraka. Hiki mnachokilalamikia kiliwahi kuwekewa mkataba. Mwaka 1962 Avis, kampuni ya kukodisha magari, ilikuwa ya pili sokoni, mbali nyuma ya Hertz. Rais wake Robert Townsend akaenda kwa Bill Bernbach wa ejensi ya DDB. Bernbach akaomba siku 90 za kuijua biashara, na sharti moja: matangazo yatakayoletwa yarushwe kama yalivyo. Townsend akaligeuza kuwa maandishi ya kampuni, kwamba Avis itayakubali au itayakataa matangazo ya ejensi, lakini haitajaribu kuyaboresha. Ndipo likatoka lile wazo la kukiri kuwa wao ni namba mbili, kwa hiyo wanajitahidi zaidi.

Angalieni vizuri: hakuna aliyemnyima mteja haki ya kukataa. Kilichoondolewa ni ile katikati, ya kukubali huku unaparua.

#15 Hesabu_Kwanza
Mzee, mfano mtamu, lakini huyo ni Bernbach. Ejensi ya watu ishirini na wawili yenye mteja mmoja wa theluthi ikiweka sharti hilo, mteja anahama mchana huohuo. Nguvu ya kusema hapana inatoka kwenye kitabu cha hesabu. Ukiwa na wateja kumi wanaolingana, unayo. Ukiwa na mmoja mkubwa, huna.

#16 Bi_Ripoti
Nimewasoma wote na naona mnazungumzia wabunifu tu. Upande wangu ni kununua matangazo ya mtandaoni na kuandika ripoti, na watu wetu wanaondoka kwa sababu nyingine kabisa. Tunapimwa kwa namba tusizozimiliki.

Aprili 2021 Apple walitoa iOS 14.5, toleo jipya la mfumo wa simu za iPhone, na programu ikitaka kumfuatilia mtu kwenye programu na tovuti za wengine ikalazimika kumwomba ruhusa. Wengi wakakataa. Ndani ya wiki chache ripoti zangu zikaonyesha mauzo yanayotokana na matangazo yameporomoka. Mauzo halisi ya mteja hayakuwa yameporomoka, kilichopungua ni yale ambayo mfumo uliweza kuyaona. Nilieleza kikao cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kikao cha nne mteja akauliza, "Kwa hiyo mwezi huu umefanya nini?" Nilikuwa nimefanya kazi mara mbili ya mwezi uliotangulia.

Na mwaka 2016 Facebook wenyewe walikiri walikuwa wanakuza kipimo cha wastani wa muda watu wanaotazama video. Fikiria umekaa mezani miezi ukimwapia mteja namba ile, halafu unarudi kumwambia haikuwa sahihi, na chanzo wala si wewe. Sura anayoiona mteja ni yako.

Hilo ndilo linalochosha. Mbunifu anachoka, lakini mwisho wa siku ameiona kazi yake. Mimi kazi yangu ni namba, na namba ikibadilika kwa uamuzi wa kampuni nyingine, miezi yangu sita inafutika.

#17 Simu_Tatu
Dada Bi_Ripoti, umenikumbusha tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozima dunia nzima kama saa sita. Tulikuwa tunazindua kampeni siku hiyohiyo. Mteja akapiga simu ya kawaida, anauliza kwa nini tumeufuta ukurasa wake.

#18 Bi_Ripoti
Na WhatsApp ndiyo ilikuwa njia yetu ya kuwaeleza. Nakumbuka tulivyopigiana mmojammoja kwa orodha ya karatasi.

#19 Taa_Zimezimwa
Nitakwenda kinyume na mleta uzi. Amesema mwanzoni alidhani ni wingi wa kazi, halafu akabadilisha mawazo. Asiharakishe kubadilisha.

Dentsu ya Japani ni moja ya ejensi kubwa duniani. Desemba 2015 mfanyakazi wao wa miaka 24, bado mpya kazini, alijiua. Mwaka uliofuata mamlaka za kazi zikathibitisha kuwa ni kazi kupita kiasi. 2017 mahakama ikaitoza kampuni faini ya yeni 500,000, ambazo kwa kampuni ile si kitu. Na halikuwa tukio la kwanza: mwaka 1991 kijana mwingine wa kampuni hiyohiyo, naye miaka 24, alijiua, na mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Japani ikaamua kampuni inawajibika. Baada ya kile kifo cha 2015 ndipo wakaanza kuzima taa za ofisi saa nne usiku.

Jina langu humu linatokana na hilo. Kwetu nako walianza kuzima taa. Tukawa tunahama na kompyuta kwenda ngazi za dharura, kwa sababu taa ya ngazi haizimwi. Nilikaa pale ngazi ya tatu nikimalizia wasilisho, mgongo ukutani, na nikaona jambo la kawaida kabisa. Kilichonitoa mwisho si bosi. Mwanangu aliniuliza kama naishi na wao.

Kwa hiyo tukisema "ni maoni ya wateja", "ni ritena", sawa. Lakini saa ni saa. Mwili hauulizi kama umechoshwa na toleo la 4 au la 31.

#20 Penseli_Mbili
Taa_Zimezimwa, pole sana, na asante kwa kuyasema wazi. Kama kuna mtu humu anasoma na anajiona yuko huko, usikae nayo peke yako. Mwambie mtu mmoja wa karibu leo, na umwone daktari. Mkutano wa kesho unaweza kusogezwa.

#21 Nimetoka_Salama
Mbona hakuna aliyetaja pichi? Mimi ilinitoa pichi. Mteja mtarajiwa anaita ejensi tano, zote zinafanya kazi ya wiki tatu bila malipo, moja inashinda, nne zinarudi nyumbani. Mwaka wangu wa mwisho tulifanya kumi na nne, tukashinda tatu.

Moja siisahau. Tulikesha tunabandika mbao za maonyesho, vidole vimeganda gundi ya kupuliza, asubuhi mezani mkuu wa ile kampuni akafungua kabrasha kutoka nyuma, ukurasa wa bei. Akasoma, akalifunga, akatabasamu, akatuacha tuongee dakika arobaini. Hakugeuza mbao hata moja. Miezi mitatu baadaye nikaona wazo letu barabarani, limefanywa na wengine. Inawezekana walilifikia wenyewe, mawazo hufanana. Lakini hata mpangilio wa maneno?

#22 Hesabu_Kwanza
Pichi nayo ni uleule ugonjwa nilioutaja. Saa za pichi anazilipa nani? Wateja waliopo, kwa kupewa watu waliochoka.

#23 Kopi_Fupi
Hesabu_Kwanza, wewe hata mvua ikinyesha utasema ni ritena.

Mimi pichi nazipenda. Ni wiki tatu pekee ambazo hakuna mtu wa kukukatia wazo. Kazi zangu tano nzuri kuliko zote, nne zilitoka kwenye pichi. Tatizo ni baada ya kushinda, waliopiga pichi wanatolewa, kazi inakabidhiwa kwa aliyeajiriwa juzi. Mteja amenunua wazoefu, anahudumiwa na wanafunzi. Hapo ndipo matoleo yanapoanza kuwa 31.

#24 Lugha_Kwanza
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Kwa nini mnaandika "ejensi" wakati tuna "wakala"?

#25 Mzee_wa_Brifu
Swali zuri. Wakala ni neno letu na kwa kazi yenyewe linafaa, ni mtu anayetenda kwa niaba ya mwingine. Ila kwenye fani ukisema "wakala" wengi watafikiri muuzaji wa vocha au wa huduma za pesa. Ejensi imeshika kwa sababu inatofautisha.

#26 Lugha_Kwanza
Nimekuelewa, ingawa sijakubali. Endeleeni.

#27 Mgeni_Kazini
Wakuu, mimi naanza ejensi Jumatatu, mwandishi chipukizi. Nimesoma mpaka hapa na sasa naogopa. Niende au nisiende?

#28 Kopi_Fupi
Nenda. Hakuna sehemu nyingine utakayoandika kuhusu bima asubuhi, matairi mchana na chanjo jioni, na kila moja ukalazimika kuielewa. Miaka miwili ya ejensi imenifundisha kuliko mitano iliyofuata. Watu kuondoka si msiba kila mara, wengine wamehitimu tu.

#29 Taa_Zimezimwa
Nenda, lakini siku ya kwanza tazama wenye watoto wanaondoka saa ngapi. Wakiwa hawapo kabisa, hilo nalo ni jibu.

#30 Penseli_Mbili
Na ukipewa maoni, uliza kwa upole: yametoka kwa nani, ameliona wapi? Utajiokolea siku mbili za nyekundu.

#31 Mwaka_Mmoja
Wakuu, asanteni sana. Jana nilichukua hatua, nikampigia yule mbunifu aliyeacha. Nilimsomea karibu uzi wote. Nikamwuliza, ni kipi kati ya hivi?

Alisema vyote vipo, lakini havikumtoa. Matoleo 31 alishayazoea. Akaniambia, "Miaka mitatu nimechora, na hakuna siku hata moja mtu amekuja mezani kwangu kuniambia tangazo langu lilifanya nini likishatoka. Liliuza? Lilipuuzwa? Siku ile umeniita kuangalia la nne na la thelathini na moja, nilidhani ndiyo unaniambia."

Nimekosa usingizi. Sikuwa namwambia. Nilikuwa nasikitika tu.

#32 Bi_Ripoti
Mwaka_Mmoja, ripoti ya lile tangazo unayo?

#33 Mwaka_Mmoja
Inakwenda moja kwa moja kwa mteja kila mwisho wa mwezi. Mimi napewa nakala na siifungui, nitakuwa mkweli. Ngoja.

Nimeifungua. Limerushwa wiki tatu. Kati ya watu 1,000 walioonyeshwa, waliobofya ni 6. Hii ni nzuri au mbaya?

#34 Bi_Ripoti
Kwa namba hiyo peke yake siwezi kukwambia, na anayeweza asikudanganye. Inategemea limeonyeshwa kwa nani, wapi, na waliobofya walifanya nini baadaye. Cha kulinganisha nacho ndicho kinakosekana. Toleo la 4 bado lipo kwenye folda?

#35 Mwaka_Mmoja
Lipo.

#36 Bi_Ripoti
Basi omba sehemu ndogo ya bajeti iliyobaki. Rusha la 4 na la 31 kwa pamoja, watu wa aina ileile, siku zilezile, wasichanganywe. Wiki mbili zinatosha kuanza kuona. Usimwambie mteja ni kumpinga. Mwambie unataka kujua wateja wake wanapenda kipi, maana ndiyo kweli.

#37 Upande_wa_Pili
Mimi ningepokea ombi hilo kwa mikono miwili. Liandike fupi, aya moja, mkurugenzi asipate cha kuongeza.

#38 Hesabu_Kwanza
Na saa zako za jaribio ziandike kwenye taimshiti kama zilivyo.

#39 Penseli_Mbili
Namba zikitoka, hata kama la 4 limeshindwa vibaya, mpigie yule mbunifu kabla hujaandika humu.